Kimya cha Saa Tisa Alasiri

Jumatatu, 2 Februari

Leo nimeletewa mgeni ofisini bila hodi. Ni chuma cheusi bapa, upana wake kama sinia la kulia pilau, chenye matundu kumi na sita usoni na feni mbili ndogo ubavuni. Kaleb, fundi kijana kutoka Korogwe mjini, anakiita swichi. Nikamwambia swichi naijua, ni ile ya kuwashia taa. Akacheka kwa adabu, akanieleza kwamba hii inapeleka mawasiliano na umeme kwa waya mmoja, kwa hiyo simu na kamera zote za kiwanda zitachomekwa hapo na hazitahitaji umeme mwingine.

"Huyu ndiye mama lishe wao, mzee. Wote wanakula kwake."

Kisha akaiwasha, na feni zikaanza kupiga yowe.

Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa kiwanda hiki cha mkonge, mbele kidogo ya Ngombezi. Ofisi yangu ni chumba kimoja cha bati kisicho na dari, lakini kilikuwa na sifa moja. Ukifunga mlango, mngurumo wa korona, ile mashine inayomenya majani ya mkonge zikabaki singa tupu, unausikia kwa mbali tu. Sasa wamenitegea korona ndogo juu ya kabati la mafaili, hatua mbili kutoka sikioni.

Daftari hili la mizani limebaki nusu tupu. Nitaandika humu, maana mtu mwenye hasira asipoandika humwangukia mkewe, na Husna hana kosa.

Jumatano, 4 Februari

Meneja wetu, Bwana Awadhi, ametukusanya kutuonyesha simu mpya. Kubwa ni ile iliyofungwa pale korona. Zamani palikuwa na kamba ya kengele. Mtu akivutwa na mashine, mwenzake anavuta kamba, na Mzee Jabiri aliye chumba cha injini nyuma ya ukuta anazima. Mwaka jana waya wa kengele uliibwa mara mbili, Meneja akachoka nao. Sasa ukiinua tu mkono wa simu pale korona, kwa Jabiri inawaka taa nyekundu kubwa. Ni taa kwa sababu masikio ya Jabiri yaliliwa na injini siku nyingi. Tumejaribu mara tatu, na mara zote tatu korona ilianza kufa kabla sijahesabu hadi nne.

Laurenti ndiye anayelisha korona zamu ya mchana. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge enzi za manamba, mimi ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo ni mtani wangu na mdomo wake hauna breki.

"Mtani, nasikia ofisini mnapepewa na feni mbili na bado unanuna! Mzigua hata peponi atalalamika kivuli kimezidi."

Nikamwambia aendelee kuilisha mashine majani, asije akailisha ulimi wake ikavunjika meno. Watu wakacheka, na hata Meneja akatabasamu.

Alhamisi, 5 Februari

Yowe. Kichwa kinauma upande wa kushoto.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwita Kaleb. Nikamuuliza kwa nini asituletee swichi isiyo na feni, maana nimesikia zipo. Akasema zipo, lakini za kulisha vitu vinne au vitano. Sisi tuna simu nane na kamera nane, na kila kinachokula umeme humwachia swichi joto, na joto hilo lazima litolewe nje. Chumba kikipoa feni zinapunguza mwendo, kikichemka zinakimbia.

"Si ugonjwa huo, mzee. Ndivyo inavyohema."

Akanionyesha nisiweke kitu karibu nayo, niache nafasi ya kiganja pande zote, na kila wiki nipanguse vumbi la singa, maana humu kiwandani singa zinaelea mpaka kwenye chai. Kisha akasema jambo ambalo naliandika kwa sababu mimi huandika kila kitu. Swichi ikizidiwa na joto haizimiki yote. Inaanza kuwanyima wa mwisho, halafu anayemfuata, ili wa mwanzo waendelee kula. Nikauliza wa mwisho ni nani. Akahesabu matundu kwa kidole. Ya kumi na tano ni simu ya getini, ya kumi na sita ni simu ya korona, kwa sababu ndizo alizozifunga mwisho. Akaahidi kuja kuzihamisha siku akipata nafasi.

Nami nikaahidi kupangusa.

Jumamosi, 14 Februari

Husna kanifumia kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni. Nyumbani redio ina chake, televisheni ina chake, friji lina chake, basi akaona aibu kusikia mashine ya ofisini inakaa uchi kwenye vumbi. Nimeifunika. Kwa robo saa nilipata raha, sauti ikawa ya mbali. Halafu feni zikapandisha, zikapandisha tena, mpaka kitambaa kikawa kinatetemeka chenyewe. Nikakitoa, nikakiweka kwenye kiti changu. Meneja alipoingia akakisifu.

Jumanne, 17 Februari

Joto la kutisha. Mawingu yanakuja upande wa Usambara, yanatutazama, yanarudi.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo wa kwanza. Kila Ramadhani nina desturi yangu: saa saba wenzangu Wakristo wakienda kula, mimi nafunga mlango nasoma juzuu moja, na mwezi ukiisha nimehitimu. Nimefanya hivyo mara kumi na nane katika chumba hiki. Nakiri najivunia, na Mungu anisamehe kwa hilo.

Leo nimesoma kurasa mbili tu. Kila nikifika mwisho wa aya, feni zinanipokonya mwanzo wake. Bati lilikuwa linalia kwa jua, na zile feni zililia juu ya bati.

Ijumaa, 20 Februari

Kurasa tatu. Niko nyuma karibu juzuu mbili.

Jumatatu, 23 Februari

Nimepata dawa.

Niliokota singa moja ndefu sakafuni. Kwa njiti ya ufagio nikaipenyeza kwenye wavu wa feni ya kwanza, nikaizungusha kwenye panga lake, nikaifunga fundo kwenye wavu. Feni ikasita, ikasimama. Ya pili ikaongeza mbio, nikaifunga nayo. Kazi ya dakika tatu.

Sijui nieleze vipi kile kimya. Nilimsikia kuku nje anaparua majani. Nikasoma juzuu nzima na nikafidia robo ya deni, na machozi yalinitoka. Saa kumi kabla ya kuondoka nikalegeza singa, feni zikaanza tena kama kawaida. Swichi ilikuwa ya moto, lakini kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Mafundi nao wanatia chumvi.

Jumanne, 24 Februari

Nimejiwekea utaratibu ili nisifanye mambo ovyo. Saa mbili asubuhi, feni zikiwa zinazunguka, najaribu simu zote moja baada ya nyingine, naandika katika daftari la Meneja: nzima. Saa sita nafunga singa. Saa kumi nafungua.

Jumatano, 25 Februari

Simu zote nzima. Singa. Juzuu.

Alhamisi, 26 Februari

Lesiamon, mlinzi wa getini, kaja kugonga mlango saa tisa na robo nikiwa kwenye aya. Ni Mmasai wa pori la Handeni, mrefu, hazungumzi hadi aulizwe. Kasema simu ya getini imekufa tangu mchana. Nikamwambia pengine hajaiweka sawa kwenye kikalio chake. Akasema imekaa sawa. Nikamwambia basi subiri itafufuka. Kweli, jioni nilipojaribu ilikuwa nzima. Mtu aliyezoea filimbi ya ng'ombe, simu itamsumbua tu.

Ijumaa, 27 Februari

Simu zote nzima.

Jumapili, 1 Machi

Nimelala Sindeni, Handeni, kwa mama. Huku hakuna hata jani bichi. Jana jioni ng'ombe wa wafugaji walipita nyuma ya nyumba wanakwenda kutafuta maji, mbavu zinahesabika, na vumbi lao likakaa hewani hadi adhana ya magharibi. Mama kaniuliza kwa nini nazungumza kwa sauti kubwa kama nagombana. Sikujua kwamba nazungumza hivyo.

Asubuhi nilikwenda kumwona mpwa wangu Sufiani kwenye tanuri lake la mkaa. Alikuwa anaziba ufa kwa udongo mbichi. Nikamwambia moto umezimika, mbona hakuna moshi. Akanishika mkono akausogeza juu ya udongo, nikauondoa haraka.

"Haujazimika, mjomba. Nimeunyima pumzi tu. Sasa ndio unakula ndani kwa ndani."

Nimekaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi Korogwe na sikuyapenda.

Jumanne, 3 Machi

Lesiamon kaja tena, safari hii mbele za watu, wakati wa kubadilishana zamu. Kasema simu ya getini inakufa kila siku jua likipita utosi na kufufuka jioni. Kasema ameitazama siku nne.

Nilikasirika. Nilimchukua hadi getini na watu nyuma yetu, nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Hivi ndivyo unavyoinua, hivi ndivyo unavyoweka. Muda huo ilikuwa saa kumi na nusu na simu ikaita vizuri. Watu wakacheka. Lesiamon akanitazama, si kwa hasira.

"Nimeelewa, mzee," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Laurenti peke yake hakucheka. Alinifuata hadi ofisini akifuta utomvu wa mkonge mikononi.

"Mtani, tuweke utani pembeni. Na ya kwangu je?"

"Ya kwako nini?"

"Simu. Nikivutwa pale, huyu Fatu anayepokea singa ndiye wa kuinua. Sasa kama ya geti inakufa..."

Nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha safu ya simu ya korona, tarehe kwa tarehe: nzima, nzima, nzima. Laurenti hajui kusoma sana, lakini anaheshimu maandishi. Alifuatisha kwa kidole hadi chini, akapumua.

"Ukishaandika wewe mimi nalala," akasema.

Ijumaa, 6 Machi

Leo niliigusa swichi saa nane nikaondoa mkono haraka. Nikakumbuka udongo wa Sufiani. Nikashika njiti nifungue singa, nikaona zimebaki kurasa tano tu za juzuu. Nikasoma kwanza. Nilipomaliza ilikuwa karibu saa kumi, nikafungua kama kawaida na hakuna aliyelalamika.

Usiku Husna kaniuliza kama nina neno. Nikamwambia ni joto.

Jumatatu, 9 Machi

Mawingu meusi, ngurumo, hakuna tone. Simu zote nzima.

Jumanne, 10 Machi

Naandika usiku. Husna amelala, au anajifanya.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache. Nilikuwa nimefunga singa tangu saa sita. Joto lilikuwa limekaa chumbani kama mtu, na kimya kilikuwa kizuri hata nikasikia pumzi yangu. Kwanza nilisikia sauti ya mwanamke, nikadhani wanacheka pale korona. Halafu ikaja mara ya pili na haikuwa kicheko.

Nikafungua mlango. Lesiamon alinipita mbio kutoka getini, shuka limemwanguka nyuma, hakuniona. Hakwenda korona. Alikuwa anazunguka ukuta kuelekea chumba cha injini, na pale sikuelewa kwa nini.

Nikakimbia korona. Laurenti alikuwa amepiga magoti mbele ya mdomo wa mashine kama anayechungulia ndani, wanaume wawili wamemshika kiunoni wanavuta, na mashine nayo inavuta. Fatu alikuwa kwenye simu. Alikuwa anaiinua, anaitazama, anairudisha, anaiinua tena. Aliponiona akanielekezea mkono wa simu.

"Haisemi! Mzee Mbaruku, haisemi!"

Korona iliendelea kunguruma. Sijui ni muda gani. Wengine wanasema dakika moja, wengine wanasema mbili. Mara tatu tulizojaribu, hesabu yangu haikufika nne. Kisha injini ikaanza kushuka, ikashuka, ikafa, na ndipo tukamsikia Laurenti mwenyewe.

Sitaandika jinsi mkono ulivyokuwa. Walimfunga kwa kanga ya Fatu wakampakia kwenye trekta. Alikuwa macho. Alinitazama na akataka kusema kitu, nadhani alikuwa anatafuta neno la utani, lakini halikupatikana.

Mimi nikarudi ofisini. Hili ndilo ninalotaka kuliandika vizuri. Watu wote walikwenda na trekta hadi getini, mimi nikarudi ofisini.

Taa za matundu mawili ya mwisho zilikuwa zimezimika. Nikasimama pale, na hesabu ikaja yenyewe bila kuitwa. Inaanza kuwanyima wa mwisho. Kumi na sita, ndipo kumi na tano. Kila siku Lesiamon alipokuja kuniambia ya getini imekufa, ya korona ilikuwa imekwisha kufa kabla yake. Mchana wote ule, kila mchana tangu nifunge singa, Laurenti alikuwa anaweka mikono pale bila mtu wa kumsaidia, na daftari langu linasema nzima.

Nikajaribu kufungua fundo, likakaza. Nikachukua mkasi nikakata. Feni zikaanza kulia, na sikuwahi kusikia sauti iliyonifurahisha na kunitisha kama ile. Baada ya dakika chache taa ya kumi na tano ikawaka. Kisha ya kumi na sita.

Saa kumi na moja Meneja akaja, shati lote jasho. "Mbaruku, niambie kweli. Simu ya korona ilikuwa nzima?"

Akaiinua simu yangu mwenyewe, akapiga korona, ikaita. Kisha akanyoosha mkono kutaka daftari. Nilimpa. Sikusema uongo hata mmoja, wala sikusema kitu.

Jumatano, 11 Machi

Mkono wa kulia wa Laurenti umekatwa juu kidogo ya kifundo. Daktari kasema ungewahi kutolewa angepoteza vidole viwili, pengine vitatu.

Meneja kaita kikao. Fatu kaapa aliinua simu. Daftari linasema simu nzima asubuhi, na jioni ilikuwa nzima. Kwa hiyo taa iliwaka, na kama iliwaka, Mzee Jabiri hakuiona. Meneja akamuuliza taratibu, "Mzee wangu, umefunga, kuna joto, umri nao. Hukusinzia?"

Jabiri ana miaka sitini na minane. Alivua kofia.

"Taa haikuwaka, mwanangu. Nilikuwa naitazama."

"Lesiamon alikukuta umekaa."

"Nilikuwa nimekaa naitazama."

Lesiamon akanyanyua mkono akasema simu ya getini nayo ilikuwa imekufa. Meneja akanigeukia mimi. "Huyu anajua kweli kuitumia?" Sikulazimika kujibu. Watu walikwisha kuniona nikimfundisha. Mmoja akacheka hata katika kikao kile.

Jabiri amesimamishwa kazi. Alipotoka alinipa mkono, akanitakia mfungo mwema.

Alhamisi, 12 Machi

Kaleb kaja kukagua swichi. Akafungua kifuniko mezani kwangu, akaanza kutoa singa kwa kibano, zimejaa humo kweli, za vumbi na za upepo, zimejisokota kila mahali. Kisha akasimama, akanyanyua kipande kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na fundo, na ncha moja imekatwa kwa mkasi.

Alikitazama, akatazama mkasi wangu kwenye kikopo cha kalamu. Akakiweka juu ya daftari, mbele yangu.

"Mzee, mimi nitaandika nimekuta singa kwenye feni. Ni kweli nimezikuta," akasema. "Na kosa langu pia nitaliandika, niliahidi kuihamisha simu ya korona nikaja leo. Mengine si yangu kuandika."

Akaihamisha kwenye tundu la kwanza. Akaaga kwa shikamoo kama siku zote, na ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi.

Meneja aliposoma taarifa yake alisema singa zipo kila mahali, hata kwenye wali wake.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Masika imeanza bila kubisha, bati linapigwa tangu alfajiri. Nimefuturu msikitini Kilole. Jabiri alikuwa amekaa safu ya mbele, akanisogezea sahani ya tende kabla hajala yeye. Nikala. Sijui zilikuwa na ladha gani.

Jumatatu, 16 Machi

Sisomi tena mchana. Naketi na feni mpaka saa kumi. Kwa sababu ya mvua chumba kimepoa na sasa zinavuma polepole, mtu angeweza hata kusoma. Jambo hilo limenitia uchungu.

Lesiamon kapita dirishani. Nimemwita, nikamwambia, "Ulisema kweli."

"Najua, mzee," akasema. "Umemwambia Meneja?"

Nikasema bado. Akavuta shuka akaenda zake kwenye mvua. Siku zote nilidhani yule hazungumzi kwa sababu hana la kusema.

Jumatano, 18 Machi

Nimekwenda hospitali. Laurenti kakonda, mkono umefungwa bandeji nyeupe kubwa. Aliponiona akajitahidi.

"Mtani, usiogope, sijafa. Umekuja kupima kaburi?"

Nilitakiwa kumjibu. Utani ni kujibizana, mtani asipojibu ni kama kamfungia mwenzake mlango. Badala yake nikainama kutafuta pa kuweka mfuko. Mkewe Catherine akasema pengine mzee kachoka na swaumu. Nikaacha maembe niliyobeba, nikaondoka.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Husna kapika. Nimemwambia kila kitu kabla wageni hawajafika. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: kama ningesema siku ile ile, Jabiri angesimamishwa? Nikasema asingesimamishwa. Akarudi jikoni, na biryani ikaungua chini, jambo ambalo halijatokea miaka ishirini na sita ya ndoa yetu.

Jumatano, 25 Machi

Leo Laurenti kaja kiwandani kujaza fomu ya ajali. Kazi ya kuijaza ni yangu. Meneja alikwisha kunipa maneno ya kuandika pale penye sababu: mwendesha injini kuzidiwa na usingizi. Aliyaandika kwa penseli pembeni ili niyapitishie kalamu.

Laurenti aliketi kwenye kiti cha wageni, mkono uliobaki juu ya goti. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikaandika jina lake, nikaandika umri, nikaandika mkono wa kulia. Nilipofika kwenye sababu nikafuta penseli kwa kifutio, nikaandika kwa wino. Sikuwahi kuandika polepole namna ile. Nilipomaliza nikamwambia ni sheria nimsomee kabla hajaweka dole gumba, na nikamsomea:

"Karani Mbaruku alizifunga feni za swichi kwa singa ya mkonge kuanzia tarehe 23 Februari, kila siku saa sita hadi saa kumi, kwa sababu kelele zake zilimkera. Swichi ikapata joto na kuikatia umeme simu ya korona kila mchana. Mlinzi alimwarifu mara mbili na hakumsikiliza. Daftari la simu lilijazwa asubuhi tu, wakati feni zimefunguliwa. Siku ya ajali simu iliinuliwa na haikufanya kazi."

Niliweka fomu mezani nikasubiri. Nilitaka anipige, nilimtaka kwa dhati anipige.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Safari hii alikuwa anafuatisha mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto, kimechelewa kidogo nyuma ya sauti yangu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanionyesha daftari."

"Nilikuonyesha."

Akatazama mlangoni. Nikadhani atatoka. Kisha akagonga fomu kwa kidole.

"Mzee Jabiri hayumo humu. Andika kwamba hakulala. Mpe mstari wake peke yake."

Nikaandika: Jabiri hakulala. Taa haikuwaka. Nikamsomea hilo nalo. Akachovya dole gumba la kushoto kwenye wino na kulibonyeza, na kwa kuwa hana mkono wa pili wa kushikia karatasi, niliishika mimi.

Akasimama. Mbele ya ofisi yangu kuna ngazi tatu, zimeota utelezi kwa mvua. Nilitangulia, nikageuka, nikamnyooshea mkono ashuke. Aliutazama, akaegemea ukuta, akashuka kwa kushika ukuta.